Kuvuka Barabara kwa Asiyeona na Asiyesikia

Mtu aonaye na kusikia huvuka barabara bila kufikiri sana: hutazama kulia na kushoto, kisha akaenda zake. Kipofu hana budi kutegemea masikio. Na yule asiyeona wala kusikia hubakiwa na mikono na nyayo tu.

Fimbo nyeupe ni alama kwa madereva. Katika mwaka 1921 James Biggs, mpiga picha wa Bristol, Uingereza, aliyepofuka kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili wenye motakaa wamwone. Siku hizi nchini humo fimbo nyeupe yenye mikanda myekundu huonyesha kwamba mwenye nayo ni kipofu na tena ni kiziwi. Kumpigia honi hakufai kitu.

Nyayo nazo zina msaada wake. Mjapani Seiichi Miyake alibuni matofali yenye vinundu, nayo yaliwekwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya vipofu. Nyayo zikivigusa vinundu, mtu hujua kwamba barabara i mbele yake.

Lakini atajuaje ya kuwa magari yamesimama? Taa nyingine hutoa mlio. Mlio una hatari yake: vivuko viwili vikikaribiana, mtu aweza kusikia mlio wa kivuko kingine akaingia mbele ya magari. Kwa hiyo Waingereza huweka, chini ya kisanduku chenye kitufe, kifaa kidogo mfano wa pia ya kuchezea watoto. Taa ya kijani ya watembeao kwa miguu iwakapo, pia hiyo huzunguka, izimikapo, husimama. Kipofu huishika kwa vidole, naye kiziwi asiyeona huipata habari ile ile. Wapitao wengi hawajui hata kwamba ipo.

Katika Afrika Mashariki vifaa hivyo ni haba, basi msaada mkubwa ni mkono wa jirani. Asimkamate kipofu na kumvuta kama mbuzi wa mnadani. Amwamkie, amwulize, akikubali, ampe kiwiko akishike, atangulie nusu hatua, na kumwarifu penye kupanda au kushuka.

Mwenye baiskeli, na mwenye motakaa ya umeme iendayo polepole, wakumbuke kwamba hawasikiki sana; kwa asiyeona, barabara yaonekana tupu. Naye dereva aliyesimama asimpungie mkono apite, maana mkono huo hauonekani. Angoje tu mpaka mtu afike ng'ambo.