Gurudumu la Mbele Livue Mwenyewe, Senta Litangulie Peke Yake

Huku kwetu Kyerwa fundi wa pancha yuko senta, na pancha yenyewe inakupata kilimani. Uko Mabira, au ndani kabisa huko Kaisho, asubuhi unakuta tairi la mbele limelala chini. Unaweza kuisukuma pikipiki hadi senta. Unaweza kumwita fundi aje, nauli yake juu yako, na siku ya gulio usitegemee atatokea kabla ya saa kumi. Au unavua gurudumu, unalipakia kwenye bodaboda ya jirani, linakwenda Nkwenda kama mzigo mwingine wowote na jioni linarudi. Mimi nafanya hivyo. Fundi wangu ndiye aliyenizoesha: “Kaka, pikipiki iache nyumbani, niletee gurudumu.”

Njia ya nne, ile ya kupanda hivyohivyo “mpaka pale tu”, siihesabu. Tairi lisilo na upepo linateleza juu ya ringi, tyubu inang'oka kwenye shina la valvu, na jiwe moja linatosha kukunja ringi. Tangu Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012 tumepata ofisi zetu Rubwera, lakini mawe ya barabarani hatukugawana na mtu.

Ninayoeleza hapa ni Boxer, yenye spoku na breki ya viatu mbele. TVS ya aina hiyo haitofautiani sana. Ya diski nitaigusa mwishoni.

Tafuta kwanza mahali tambarare. Si rahisi kama inavyosikika, maana nyumba zetu nyingi zimekaa mgongoni mwa kilima na uwanja wote unaelekea shambani kwenye migomba. Mvua ikiwa imenyesha, weka ubao chini ya stendi kubwa. Udongo mwekundu uliolowa unaimeza taratibu huku wewe umeinama unafungua nati. Kisha pakia kitu kizito kwenye keria ya nyuma, mfuko wa maharage unafaa, pikipiki ikalie tairi la nyuma na pua inyanyuke. Chini ya injini sukuma kreti la soda lenye kipande cha mbao juu yake. Mbao ishike injini, isiguse bomba la moshi. Watoto na mbuzi wawe mbali.

Vifaa ni vichache: spana mbili za kutosha nati ya ekseli na kichwa chake (pima kwenye pikipiki yako, zinatofautiana), plaizi, bisibisi ya nyota, kitambaa, grisi kidogo na beseni. Beseni ni la kuwekea vitu vidogo. Kuna kipini cha mviringo, hakizidi punje ya mahindi, kinachokaa kwenye mkono wa breki pale waya unapopita. Kikidondoka kwenye nyasi umekwisha.

Kabla ya kunyanyua pua, legeza nati ya ekseli gurudumu likiwa bado chini. Piga picha kwa simu pande zote mbili. Nyanyua sasa. Fungua nati ya kurekebishia breki, toa waya, kipini na springi yake. Toa waya wa mita. Kwenye baadhi ya pikipiki umeshikwa na skrubu, kwenye nyingine na nati ya mviringo ya kufungua kwa plaizi. Maliza nati ya ekseli, shika gurudumu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine vuta ekseli. Ikigoma, mimina mafuta ya taa uiache, kisha rudisha nati mpaka isawazike na ncha ya ekseli, weka kipande cha mti juu, ndipo ugonge. Anayegonga ekseli kwa nyundo bila mti anaharibu meno ya nati na kutengeneza kazi nyingine. Gurudumu litashuka, na upande usio na breki bushi itaanguka. Iingie beseni.

Gurudumu likishatoka, usikimbilie kulituma. Huu ndio wakati pekee unaoona ndani. Toa sahani ya breki, ile ya alumini iliyobeba viatu. Vumbi lake lifute kwa kitambaa kilicholowa. Usilipulize, halifai kifuani. Ukuta wa kiatu ukibaki milimita 2 hivi, nunua vipya. Viringisha ekseli juu ya meza, iliyopinda itarukaruka. Gonga spoku moja moja kwa spana: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti iliyokufa. Ingiza kidole kwenye beringi uizungushe. Ikikwaruza au ikicheza, badilisha zote mbili.

Hapo kwenye beringi pana mtego wa dukani. Soma namba iliyochorwa ubavuni na uende nayo. 6301 ina tundu la milimita 12 na kipenyo cha nje cha 37. 6201 ina tundu hilohilo la 12, ila nje ni 32. Muuzaji atapitisha ekseli yako kwenye tundu, itaingia vizuri, naye atakuhakikishia kwamba ndiyo yenyewe. Tundu linafanana, beringi hazifanani.

Gurudumu likirudi, hakikisha valvu imesimama wima na mshale ulioandikwa ubavuni mwa tairi, kama upo, unaelekea mbele. Paka grisi nyembamba kwenye ekseli. Ndani ya ngoma, mahali viatu vinaposugua, grisi isifike hata chembe.

Kurudisha kuna mambo mawili yanayotaka utulivu. La kwanza ni gia ya mita. Sahani ina masikio mawili madogo yanayotakiwa kuingia kwenye mapengo ya habu. Izungushe polepole huku ukiisukuma mpaka izame, iwe karibu sawa na ukingo wa habu. Ikibaki imejitokeza, bado. Ukikaza nati ukitumaini itajipanga yenyewe, masikio yanavunjika na mita inakufa.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Kwa ndani ya mguu wa shokapu kuna jino la chuma, na kwenye sahani ya breki kuna mfereji. Jino lazima lilale ndani ya mfereji. Hilo ndilo linaloizuia sahani isizunguke unapobana breki. Lisipoingia, gurudumu litazunguka vizuri tu uwanjani, nati itakaza, kila mtu atakusifu. Siku utakayobana breki kwa nguvu, sahani itafuata gurudumu, itavuta waya, na gurudumu linaweza kujifunga ghafla. Huku ambako kila safari ina mteremko, na msimu wa kahawa nyuma kuna gunia la kupeleka chama cha msingi, hutaki kuligundua ukiwa njiani. Piga goti, washa tochi ya simu, lione jino kwa macho yako. Kisha liguse kwa kidole.

Pitisha ekseli upande uleule ilikotoka, weka bushi, shika nati kwa mkono bila kukaza. Unganisha waya wa breki. Mwite mtu abane breki ya mbele na aishikilie wakati unakaza. Hivyo viatu vinajipanga katikati ya ngoma. Ondoa kreti, shusha pua, bonyeza usukani chini mara kadhaa ili miguu ya shokapu ikae sawa, ndipo umalizie kukaza. Kama nati yako inatumia pini ya kukunja, weka mpya. Rekebisha breki mpaka ncha ya mkono wake wa kwenye usukani iwe na mchezo wa kama sentimita mbili, na gurudumu lizunguke bila kusugua.

Najua vijana kijiweni ambao breki ya mbele wameilegeza makusudi, wanasema inaangusha. Kwenye changarawe ukiinyakua, kweli inaangusha. Ila ukiibana pole pole pamoja na ya nyuma, ndiyo inayokusimamisha, kwa sababu kwenye mteremko uzito mwingi umehamia mbele. Aliyeifungua anateremka kilima kwa breki moja iliyochemka.

Jaribu kwa kusukuma kwa mkono kwanza, kisha endesha polepole pasipo na mteremko, ukitazama kama mita inapanda. Ukifika Omurushaka au popote unapokwenda, rudia kuikagua nati kwa spana.

Wenye diski: hakuna waya wa breki wa kufungua, gurudumu linashuka likiacha kifaa cha breki kwenye shokapu. Weka kipande cha boksi kati ya pedi mbili na mtu asiguse mkono wa breki mpaka umalize, maana pedi zitakutana na diski haitaingia tena. Ukimaliza, bana mkono mara kadhaa mpaka uwe mgumu kabla ya kupanda. Safari yako ya kwanza bila kufanya hivyo haina breki ya mbele.