Piga Hodi Kabla ya Picha: Jinsi ya Kupanga Juma Moja la Safari ya Pwani

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Waama hawakukosea. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuliifahamu methali hii tangu shule ya msingi, tukaitungia sentensi na hata insha. Maana yake halisi, hata hivyo, tulijifunza tulipokwenda Pwani mara ya kwanza.

Safari ile ilipangwa kwa muda wa siku nne tu. Tulikodi gari kwa bei ghali, na wenzetu tisa wakabaki Nairobi kwa sababu wazazi wao hawangeweza kupata pesa zile kwa notisi fupi kiasi hicho. Miongoni mwao alikuwa katibu wetu, ambaye ndiye aliyekuwa ameandika maswali yote ya utafiti. Tulipofika ufuoni saa nne asubuhi, mabegi ya kuogelea mabegani, tulikuta bahari imetoroka! Maji yalikuwa mbali kule, na mbele yetu mchanga mtupu na mwani. Tulingoja mpaka tukachoka. Yalipoanza kurudi, dereva akapiga honi: "Twendeni, nyinyi! Muda umeisha."

Kesho yake tulisimama katika kijiji kimoja. Tulishuka, tukapiga picha nyumba za makuti, tukapiga picha watoto, tukampiga picha na nyanya mmoja aliyekuwa akisuka ukili barazani. Akatutazama kwa upole, akauliza, "Wanangu, picha mumepiga. Hodi je?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi Nairobi na picha nyingi, bila neno moja jipya katika daftari.

Makala haya yanaeleza jinsi tulivyoipanga safari ya pili, ili wewe utakayefuata usirudie makosa yetu.

1. ANZA NA MFUKO

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Tutaenda wapi?" Swali la kwanza liwe, "Nani atabaki, na kwa nini?" Safari ya chama inayowaacha wanachama nyuma ni safari ya wachache wenye pesa.

Katika mkutano wa kwanza wa mwaka tulipigiana kelele sana. Mmoja alisema, "Wee, hiyo pesa yote mathe wangu atatoa wapi?" Mwalimu mlezi akatuuliza kama kila mtu angeweza kuweka shilingi 50 kwa wiki. Fanya hesabu: shilingi 50 kwa wiki 40 ni shilingi 2,000. Hazitoshi safari nzima, lakini ni msingi. Nyongeza tuliipata kwa kuuza mandazi na chai siku ya wazazi, na kwa kuigiza mchezo wenye kiingilio.

Jambo moja lilitusaidia kuliko yote. Kila mtu alimpa mweka hazina bahasha iliyofungwa, na hakuna mwingine aliyejua nani ametoa ngapi. Aliyekuwa na 100 alitoa 100, na aliyekuwa na 20 alitoa 20 bila kuona haya. Haba na haba hujaza kibaba. Safari ya pili hakubaki mtu.

2. CHAGUA MSIMU NA UTAZAME MWEZI

Pwani ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Huleta joto, na bahari aghalabu huwa tulivu. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi karibu Septemba. Bahari nje ya miamba huchafuka, na mwani mwingi hutupwa ufuoni. Mvua za masika hunyesha sana mwezi wa Aprili na Mei. Kwa hivyo likizo ya Aprili yaweza kukulowesha, na ya Desemba hukuta bei zimepanda kwa sababu ya wageni wa Krismasi. Sisi tulichagua Agosti. Kuna upepo, lakini jua si kali na malazi ni nafuu.

Sasa sikiliza siri ambayo tungeijua mapema tusingelia na mchanga. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kitu hivi, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo.

Katika pwani ya Mombasa, siku za bamvua maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu huwa kinyume: hujaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi. Basi chukua kalenda yenye alama za mwezi, uanze kupanga. Ukitaka kuogelea jioni, nenda juma la bamvua. Ukitaka kuogelea asubuhi, nenda juma la maji mafu. Hesabu hii ni ya kukadiria. Ukifika, waulize wavuvi. Wao saa yao ni bahari yenyewe.

3. MAHALI PACHACHE, MUDA MREFU

Tulikutana Jumamosi kadhaa katika Maktaba ya McMillan, Barabara ya Banda, katikati ya jiji, tukiwa na ramani. Kila mtu alikuwa na pahali pake: huyu Lamu, huyu Malindi, yule magofu ya Gede. Mimi mwenyewe niliing'ang'ania Lamu. Lakini kutoka Mombasa hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Juma lina siku saba tu, na mbili ni za kwenda na kurudi. Ukitaka kuona kila mahali utaona dirisha la gari. Tukaamua kukaa Mombasa kidogo, kisha kusini, Kaunti ya Kwale, basi.

Ratiba yetu ilikuwa hivi:

Jumamosi. Matatu ya alfajiri, nambari 46, kutoka Kawangware hadi mjini. Kisha kituo cha treni cha Syokimau. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017. Ile ya asubuhi inayosimama Emali, Mtito Andei na Voi huchukua takriban saa sita. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mnamo Januari 2024, kwa hivyo weka shilingi 3,000 za kwenda na kurudi kwa kila mtu. Tikiti zikatwe mapema, maana siku za likizo huisha. Faida nyingine ni kwamba husafiri usiku.

Jumapili. Mombasa, Mji wa Kale na Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593. Waomani waliizingira mwaka 1696 na kuitwaa mwaka 1698. Wakati wa Waingereza ikawa jela hadi 1958, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ukitoka ngomeni, tembea vichochoroni polepole na uyafungue masikio. Hapa ndipo pa Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji. Utasikia mtu akisema kuteka badala ya kucheka, mtele badala ya mchele, na mato badala ya macho. Usimcheke! Yeye hakosei. Ni wewe ambaye hujafika darasani.

Jumatatu. Kuvuka Likoni kwa feri, ambapo mwenda kwa miguu halipi, kisha Diani. Asubuhi tulipanga vyombo mahali pa kulala: bweni la shule moja lililokuwa tupu wakati wa likizo. Barua ya kuomba bweni iliandikwa miezi mitano kabla. Saa tisa alasiri bahari ilikuwa imejaa hadi karibu na minazi, nasi tukaingia tukipiga vifijo. Kalenda ya mwezi haikutuongopea.

Jumanne. Gazi, kilomita kama 50 kusini mwa Mombasa. Hapa kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na ada ya mgeni huwa yao. Wanakijiji wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wana mradi uitwao Mikoko Pamoja. Huilinda mikoko, na tangu mwaka 2013 huuza haki za hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti hiyo. Pesa zinazopatikana hutumiwa kwa mambo ya kijiji kama vile maji na shule. Mwanafunzi wa Jiografia alipata insha nzima, na wa Kiswahili akapata maneno.

Jumatano. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani. Ni mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Huingii peke yako, sharti uwe na mwongozaji wa kijiji. Hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huvunji tawi, na hutoki na kitu, hata jani. Jua pia kwamba Kidigo si lahaja ya Kiswahili. Ni lugha nyingine, lakini ni binamu wa karibu.

Alhamisi. Shimoni na kisiwa cha Wasini. Tulivuka asubuhi, kwa sababu wakati wa kusi upepo huongezeka kadiri mchana unavyokwenda. Kila mtu alivaa jaketi la kuokolea, hata wale waliojidai waogeleaji. Wasini hakuna magari, na maji matamu ni ya kuhesabu, kwa hivyo usiyachezee. Kina mama huko pia wana njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale. Lahaja ya hapa ni Kivumba, ambayo husemwa pia Vanga. Na upande wa Shimoni na Funzi kuna Kichifundi.

Ijumaa. Siku ya kupumzika. Asubuhi tulinakili madaftari, kila mtu akasoma maneno kumi aliyoyapata. Mchana hatukupanga ziara yoyote kijijini, kwa kuwa ni wakati wa sala ya Ijumaa. Jioni, bahari tena.

Jumamosi. Kurudi nyumbani.

4. ADABU ZA MGENI

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Kijiji si bustani ya wanyama. Ni nyumbani kwa watu.

Kwanza, peleka habari mbele. Sisi tulimwandikia chifu, naye akatuunganisha na wazee wa kijiji. Tulipofika walikuwa wanatungoja, na mkeka umetandikwa.

Pili, salimu. Hizi "niaje" na "sasa" zetu za Kangemi ziache kwenye matatu. Kwa mkubwa sema "Shikamoo", ungoje "Marahaba". Asubuhi waweza kusema "Sabalkheri", na jioni "Masalkheri". Mlangoni piga hodi hadi mara tatu. Usipojibiwa, rudi.

Tatu, mavazi. Nguo za kuogelea ni za majini. Ukiingia kijijini, wasichana wajifunge leso, na wavulana wavae shati. Kama ni Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana.

Nne, picha. Omba. Ukikataliwa, sema asante kama vile umekubaliwa.

Tano, nunua kwao. Mahamri na mbaazi za asubuhi, samaki wa kupaka, wali wa nazi: vyote tulipikiwa na kina mama wa kijiji, na bei ikawa nafuu kuliko hotelini. Shilingi iliyobaki kijijini ina shukrani zaidi.

Sita, usafi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa. Beba chupa yako ya kudumu. Usikanyage matumbawe wala kuokota makombe. Nunua viatu vya mpira vya mtumba pale soko la Toi kabla ya kuondoka, maana baharini kuna wanyama wenye miiba.

HITIMISHO

Siku ya Jumanne, kule Gazi, tulipiga hodi katika nyumba moja. Mama mmoja akaitika, "Karibuni, wanangu." Tukaketi, tukamsalimu, tukamweleza tulikotoka. Katibu wetu, yule aliyeachwa mara ya kwanza, akafungua daftari lake na kuuliza maswali aliyokuwa ameyahifadhi mwaka mzima. Tulikaa saa mbili. Tulipoaga, mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Ah, hamnipigi picha?"

Picha ile ni moja tu. Imebandikwa katika ubao wa chama, nenda ukaione.

MSAMIATI

Bamvua: kipindi ambapo bahari hujaa na kupwa kupita kiasi.
Maji mafu: kipindi ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.
Ukili: kitambaa chembamba cha majani ya mkindu au mwaa kinachosukwa kutengenezea mikeka.
Kaniki: nguo nyeusi ya pamba.
Matumbawe: mawe ya baharini yanayojengwa na viumbe wadogo.

ZOEZI

1. Ikiwa Jumatatu maji yamekupwa saa nne asubuhi, Alhamisi yatakupwa takriban saa ngapi mchana?
2. Chama chenye wanachama 24 kinaweka shilingi 50 kila mmoja kwa wiki 40. Je, zitatosha nauli ya treni ya kwenda na kurudi kwa wote? Kama hazitoshi, zimepungua kiasi gani?
3. Eleza tofauti kati ya lahaja na lugha, ukitumia mifano ya Kimvita na Kidigo.
4. Andika barua rasmi kwa chifu wa kijiji ukiomba ruhusa ya kuzuru.
5. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Jadili methali hii ukirejelea makala uliyosoma.