Askari wa Shaba wa Dar es Salaam

Huko Butiama, mahali paitwapo Mwitongo, liko kaburi la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezikwa mwaka wa 1999 katika ardhi ya wazee wake. Mgeni akifika huonyeshwa kaburi lile, akasimama kimya. Lakini wako wana wa nchi za ziwa waliokwenda vitani zamani, wasirudi, wala jamaa zao hawakujua walipozikwa. Mtu wa namna hiyo aheshimiwe wapi?

Katika mji wa Dar es Salaam, mahali njia kubwa zinapokutana, imesimama sanamu ya shaba. Ni sanamu ya askari Mwafrika, ameshika bunduki yenye singe, na ncha ya singe yaelekea bandarini. Iliwekwa na Waingereza mwaka wa 1927, kuwa ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918. Siku hizi mtu akisema neno askari, twafikiri kwanza polisi, au mwanajeshi, au mzima moto. Huyu wa shaba hana jina wala cheo, maana amesimama badala ya wengi.

Kabla yake Wajeremani walikuwa na sanamu yao katika mji ule. Juu alisimama gavana wao Wissmann, na chini ya miguu yake alikuwapo askari mweusi akimtazama. Waingereza walipoushika mji mwaka wa 1916 waliiondoa, kisha ikapelekwa Ulaya. Hata mwaka wa 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Hamburg wakaiangusha. Basi angalieni tofauti: yule aliyewekwa miguuni pa bwana wake, katika sanamu ya pili asimama peke yake, wala hakuna mtu juu yake.

Hata hivyo sanamu hii haikumaliza deni. Maandishi yaliyo chini yake yawataja wapagazi pia, lakini sanamu iliyosimama juu ni ya askari tu. (Katika mji wa Nairobi mpagazi alikumbukwa, sanamu za huko ni tatu, na mmoja wao ni mpagazi.) Na wapagazi ndio waliokufa wengi kupita wote. Farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o, na njia za motokaa zilikuwa chache. Kwa hiyo unga, risasi na dawa vilichukuliwa vichwani mwa watu. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine walikamatwa vijijini. Walitembea katika mvua na matope, chakula kidogo, nguo moja, na usiku hawana blanketi la kutosha. Si risasi iliyowaua zaidi, bali kuhara damu, homa na kichomi. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi walioandikwa kuwa wamekufa ni zaidi ya 40,000. Na wengi hawakuandikwa popote. Mpagazi akianguka njiani, mzigo wake ulipewa mwenzake, na safari ikaendelea.

Tangu siku hizo nchi imejifunza kuwakumbuka watu wake kwa desturi zake yenyewe. Askari waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wamezikwa Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, ng'ambo ya ziwa kutoka Musoma. Na kila mwaka, tarehe 25 Julai, ni Siku ya Mashujaa. Tarumbeta hupigwa, watu husimama kimya; Rais huweka mkuki na ngao penye mnara, mkuu wa majeshi huweka sime, na meya wa jiji huweka upinde na mshale.

Na wale wapagazi? Wakati wa vita Waingereza walikuwa na kambi yao katika Dar es Salaam, penye jengo la soko lililojengwa na Wajeremani. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina lile kwa ulimi wao wenyewe: Kariakoo. Vita vikaisha, kambi ikavunjwa, soko likarudi, na jina likabaki. Leo mwenye kwenda kununua nguo au mchele husema, “Nishushe Kariakoo,” naye amewataja bila kujua.