Safari ya Ndege Inapofutwa: Mambo ya Kuzingatia kwa Abiria wa Bukoba Msimu wa Sikukuu

Kila ifikapo mwezi Desemba, wenyeji wa Mkoa wa Kagera wanaoishi Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na nje ya nchi hurejea nyumbani kwa ajili ya sikukuu, harusi na vikao vya ukoo. Kwa basi, safari kutoka Dar es Salaam huikata nchi karibu yote, kutoka mwambao wa Bahari ya Hindi hadi upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Kwa ndege, umbali huo huwa ni suala la saa chache. Ndiyo sababu tiketi za ndege za kwenda Bukoba hununuliwa mapema, na ndiyo sababu tangazo la kufutwa kwa safari huleta taharuki kubwa.

Wanaoathirika si wenye mapumziko pekee. Yupo mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando jijini Mwanza au Muhimbili jijini Dar es Salaam na ambaye siku yake ya kuonwa na daktari imekwisha kupangwa. Yupo mfiwa anayewahi maziko. Yupo mfanyabiashara wa kahawa au vanila mwenye miadi na mnunuzi. Makala haya yanaeleza kwa nini safari za viwanja vya mikoani hubadilishwa, haki za abiria ni zipi, na hatua gani za kuchukua ili hasara isiwe kubwa.

Maneno manne yasiyofanana

Abiria wengi husema "ndege imeghairi" kwa kila hali. Hata hivyo, kuna hali nne, na kila moja ina matokeo yake.

Kuchelewa ni pale ndege inapoondoka siku ileile, lakini baada ya muda uliopangwa. Kufutwa ni pale safari hiyo isipofanyika kabisa, na abiria kuhamishiwa safari nyingine au kurudishiwa fedha. Kutua kwingine ni pale ndege inaposhindwa kutua Bukoba na rubani akaamua kushukia uwanja mwingine, kama vile Mwanza. Mabadiliko ya njia ni uamuzi wa kampuni kuongeza, kupunguza au kuondoa kabisa safari za mji fulani katika ratiba yake, na uamuzi huu kwa kawaida hutangazwa kabla. Abiria anapolalamika, ni muhimu ataje hali iliyomkuta, kwa kuwa jibu analostahili hutegemea hali hiyo.

Kwa nini viwanja vya mikoani huathirika zaidi

Sababu ya kwanza ni uchache wa ndege. Ndege moja yenye mapangaboi huhudumia miji kadhaa kwa siku moja. Tuseme ndege inaondoka Dar es Salaam alfajiri, inakwenda Bukoba kupitia Mwanza, inarudi Dar es Salaam, kisha mchana inapangiwa Songea. Ikikwama Mwanza saa mbili kwa sababu ya hitilafu, abiria wa Songea nao watasubiri, ingawa kwao jua linawaka na uwanja ni mkavu. Sikukuu zinapokaribia, ndege zote huwa kazini na hakuna ya akiba, hivyo pengo dogo la asubuhi huwa kubwa jioni.

Sababu ya pili ni mwanga wa jua. Baadhi ya viwanja vya mikoani havina taa za kuiongoza ndege kutua usiku. Uwanja wa namna hiyo hufungwa jua linapozama. Safari ya saa kumi alasiri ikichelewa kwa saa tatu, haiwezi kufanyika tena siku hiyo. Kuchelewa kumegeuka kufutwa.

Sababu ya tatu ni urefu wa njia ya kurukia. Ndege aina ya Airbus A220-300 ya Kampuni ya Ndege Tanzania hubeba abiria 132, na ile ya mapangaboi aina ya Dash 8-400 hubeba abiria 76. Uwanja wenye njia fupi kama wa Bukoba hupokea ndege ndogo tu. Kwa hiyo, wingi wa abiria ukizidi nafasi, kampuni haiwezi kuleta ndege kubwa kuwachukua wote kwa mkupuo mmoja kama inavyoweza kufanya Mwanza.

Sababu ya nne ni injini na vipuri. Mwezi Novemba 2022, Kampuni ya Ndege Tanzania ilitangaza kusitisha kwa muda matumizi ya baadhi ya ndege zake za A220 kutokana na tatizo la injini zinazotengenezwa na Pratt & Whitney, tatizo lililozikumba pia kampuni nyingine duniani. Ndege kubwa zinapopungua, ndege ndogo zilizobaki hubeba mzigo wa njia nyingi zaidi, na ratiba ya nchi nzima hubana.

Sababu ya tano ni hali ya kampuni yenyewe. Mwezi Desemba 2018, kampuni ya Fastjet Tanzania, iliyokuwa ikisafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na miji kama Mwanza na Mbeya, ilisitisha safari zake wakati watu wakijiandaa kwa Krismasi. Waliokwisha kulipa walibaki na kazi mbili kwa pamoja: kudai fedha zao na kutafuta usafiri mwingine wakati nafasi zimekwisha.

Hali ya hewa na uzito wa maamuzi ya rubani

Bukoba ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi nchini, na uwanja wake uko kando ya ziwa. Mawingu mazito, ukungu na dhoruba huweza kujitokeza kwa muda mfupi. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walipoteza maisha. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowahi kufika kuwaokoa walionusurika.

Msiba huo haujasahaulika Kagera, na unatoa funzo kwa kila abiria. Rubani anapogeuza ndege, au kampuni inapozuia safari kwa sababu ya hali ya hewa, hakuna sababu ya kuwashinikiza watumishi wa uwanja wabadili uamuzi. Kinachofaa kudaiwa ni taarifa sahihi na kwa wakati, utaratibu wa safari nyingine, na stahili nyingine zilizomo katika masharti ya tiketi.

Haki za abiria

Tiketi ni mkataba. Masharti yake hueleza kama fedha hurudishwa, kama tarehe inaweza kubadilishwa, na kwa gharama ya nani. Tiketi ya bei ya chini mara nyingi humnyima abiria anayeahirisha kwa hiari yake haki ya kurudishiwa nauli. Lakini kampuni ndiyo inapofuta safari, jambo ni tofauti: mkataba haukutekelezwa na upande wake, na abiria ana msingi wa kudai safari mbadala au nauli yake.

Kwa safari za kimataifa, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Mkataba huo humruhusu abiria kudai fidia ya hasara aliyoipata kwa kuchelewa, isipokuwa kampuni ithibitishe kuwa ilichukua hatua zote zilizowezekana kuizuia. Umeweka pia ukomo wa muda. Mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokelewa. Mzigo uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Na shauri la mahakamani hufunguliwa ndani ya miaka 2.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Mtu anayetoka Dubai kwenda Bukoba kupitia Dar es Salaam kwa tiketi moja huhesabiwa kuwa yuko katika safari ya kimataifa hadi anaposhuka Bukoba. Ndege ya kwanza ikichelewa akaikosa ya pili, jukumu la kumfikisha ni la waliomkatia safari hiyo nzima. Aliyenunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa fedha hana kinga hiyo. Kampuni ya pili itamhesabu kuwa hakutokea, na nauli yake huenda ikapotea.

Aidha, zipo taarifa zinazosambaa kwenye simu kwamba kila safari iliyofutwa humpa abiria hadi euro 600. Kiwango hicho kinatokana na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, inayohusu safari zinazoanzia katika nchi za Umoja huo, au zinazokwenda huko kwa ndege za kampuni za Ulaya. Haihusu safari ya Dar es Salaam na Bukoba.

Hatua za kuchukua

Kabla ya kununua tiketi, abiria asome masharti au aombe wakala amsomee. Ahakikishe namba ya simu iliyoandikwa ni yake mwenyewe. Mawakala wengine huandika namba zao, na ujumbe wa kufutwa kwa safari humfikia wakala wakati abiria yuko njiani kwenda uwanjani. Inapowezekana, achague safari ya kwanza ya siku, ambayo haijakusanya ucheleweshaji wa miji mingine.

Mwenye jambo lisilosubiri, kama vile miadi ya hospitali, mtihani au harusi, asafiri walau siku moja kabla. Mgonjwa wa rufaa awe na namba ya simu ya hospitali anayokwenda ili aombe kupangiwa siku nyingine mara safari inapokwama.

Safari ikifutwa, abiria aombe uthibitisho wa maandishi wenye sababu, hata kama ni ujumbe wa simu. Atunze tiketi, pasi ya kupandia ndege na risiti za chakula, malazi na usafiri. Asikubali haraka kurudishiwa nauli kabla ya kuuliza nafasi ya safari inayofuata, kwa kuwa akishapokea fedha hizo, kutafuta usafiri huwa ni juu yake. Aliyenunua kwa wakala aulize pia fedha zitapitia kwa nani na zitachukua siku ngapi.

Ndege ikimshusha Mwanza, zipo njia mbili za kufika Bukoba. Meli ya MV Victoria Hapa Kazi Tu husafiri usiku kati ya bandari hizo mbili kwa siku maalumu, hivyo ni vema kuuliza ratiba kwanza. Kwa barabara, Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwachelewesha wasafiri. Nauli ya basi ikatwe ofisini kwa risiti. Nauli za mabasi husimamiwa na LATRA, na mpiga debe hana mamlaka ya kuzipandisha.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Halmashauri haipangi ratiba za ndege wala haimiliki uwanja. Viwanja huendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania. Kampuni za ndege hupewa leseni na kusimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Abiria huanza kwa kuandika kwa kampuni husika, akiambatisha nakala za vielelezo na kutaja anachodai. Asiporidhika, hupeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, au hutafuta msaada wa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kutetea maslahi ya abiria.

Maswali ya kujipima

1. Namba ya simu iliyo kwenye tiketi ni ya nani?
2. Safari yote ipo katika tiketi moja au mbili?
3. Ndege isipofika siku hiyo, ni jambo gani litakaloharibika, na nani apigiwe simu kwanza?
4. Je, fedha ya kulala Mwanza usiku mmoja imetengwa?

Anayeweza kuyajibu maswali haya manne kabla ya kufunga mizigo yake anaweza bado kucheleweshwa na mvua ya ziwani, lakini hatapoteza nauli yake wala miadi yake kwa kutojua. Elimu hii ifikishwe pia kwa ndugu walio mbali wanaojiandaa kurejea nyumbani.