SOMO LA BIASHARA: Pipa la Kentucky na dumu la Kihesa

Mama muuza ulanzi wa Kihesa, Iringa, hupokea madumu yake asubuhi na biashara yake inabidi iwe imekwisha usiku huo. Mwenye kiwanda cha bourbon jimboni Kentucky, Marekani, hujaza pipa leo akijua hatalifungua kabla ya miaka minne, sita au hata kumi na miwili. Wote wawili wanauza kilevi kinachotoka shambani. Kinachowatofautisha ni siku ambazo mtaji unalala, na hapo ndipo penye somo la wiki hii kwa mfanyabiashara mdogo na kwa mwenye hisa chache.

Bourbon ni wiski ya mahindi. Sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, na ihifadhiwe katika vyombo vipya vya mti wa mwaloni vilivyochomwa ndani hadi vikawa na mkaa. Kwa Mnyalukolo aliyezoea kuona mahindi yakiishia kwenye ugali na komoni, hii ni habari ya kusikiliza. Nyanda za Juu Kusini ni ghala la mahindi la nchi, lakini hakuna gunia la Iringa wala Mbeya ambalo thamani yake hupanda kwa kukaa miaka sita. Likikaa hivyo, ni chakula cha dumuzi.

Watalii wanaokwenda Kentucky kuonja hupitishwa kwenye mapipa ya kuchachushia, kisha kwenye mitambo ya shaba inayovukiza pombe na kuipooza, halafu kwenye maghala marefu ya mbao. Mwishoni hupewa vikombe vidogo wanuse kwanza, waonje, waongeze tone la maji, waonje tena. Mtalii hukumbuka ladha. Mtu wa biashara angefaa akumbuke ghala, maana fedha yote iko humo.

Pipa na hesabu yake

Pipa la kawaida hubeba lita zipatazo 200. Kila mwaka sehemu ya kinywaji hupotea hewani kupitia mbao, na Wamarekani huita hasara hiyo fungu la malaika. Tuchukue asilimia 4 kwa mwaka. Baada ya miaka 4 zinabaki lita 170, na baada ya miaka 8 zinabaki 144.

Sasa tuweke mtaji. Tuseme kujaza pipa kumegharimu sh. 100,000, na fedha hiyo ni ya mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba juu ya riba. Siku ya kwanza kila lita ina gharama ya sh. 500. Baada ya miaka 4 deni limefika karibu sh. 193,900 na lita zimepungua hadi 170, hivyo kila lita inagharimu sh. 1,140. Baada ya miaka 8 ni sh. 2,610. Hapo hatujagusa mlinzi, bima wala kodi. Mnunuzi anayeshangaa bei ya chupa ya miaka 8 afanye hesabu hii kwanza.

Kodi nayo si ndogo. Kwa miaka mingi Kentucky ilitoza kodi kila mwaka kwa kila pipa lililolala ghalani, liuzwe lisiuzwe. Ni mwaka 2023 tu ilipopitishwa sheria ya kuiondoa kodi hiyo polepole, kuanzia 2026 hadi 2043. Na bima haina mjadala: Novemba 1996 moto uliteketeza maghala ya kampuni ya Heaven Hill mjini Bardstown, na mapipa yapatayo 90,000 yakaungua. Aliyepoteza pipa la miaka 8 amepoteza miaka 8, na hakuna mkopo wa kuirudisha.

Hatari kubwa zaidi ni ya kimya. Anayejaza pipa leo anabahatisha kiu ya watu wa miaka sita ijayo. Biashara iliponoga, viwanda vilijaza mapipa hadi Kentucky ikawa na mapipa mengi kuliko watu. Kisha wanywaji wakapunguza. Januari 2025 kampuni ya Brown-Forman ilitangaza kupunguza karibu asilimia 12 ya wafanyakazi wake na kufunga karakana yake ya kutengeneza mapipa mjini Louisville. Machi mwaka huohuo majimbo kadhaa ya Canada yaliondoa pombe za Marekani madukani kwa sababu ya ugomvi wa ushuru. Pipa lililojazwa 2019 halikuweza kuambiwa lisubiri au lisikomae.

Upande wa Kihesa

Ulanzi hauna ghala. Wakati wa mvua, tangu Desemba hadi Mei hivi, mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, hufunga mbeta ya kukingia utomvu, na hurudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba ili utomvu usizibe. Unaoshuka ni mtamu, mtogwa. Ukilala unachachuka wenyewe bila hamira ya dukani na kuwa mkangafu wenye kilevi kinachokaribia cha bia. Ukiachwa zaidi, unaelekea kwenye siki.

Tutoe mfano wa bei za kubuni. Mama amenunua lita 200 kwa sh. 400, yaani sh. 80,000, na ametumia sh. 17,000 kwa usafiri na gharama nyingine. Anauza lita sh. 600. Akiuza lita 170 na kutupa 30 zilizochacha kwa sh. 300, anakusanya sh. 111,000 na kubaki na sh. 14,000. Zikimbakia lita 70 badala ya 30, anakusanya sh. 99,000 na faida yake ni sh. 2,000. Lita 40 tu zimekula karibu faida yote ya siku. Ndiyo maana muuzaji mzoefu wa ulanzi huchungulia mawingu na kuuliza tarehe ya mishahara kabla ya kuagiza. Afadhali wateja wawili warudi na kiu kuliko dumu mbili zilale.

Lakini mtaji wake wa sh. 80,000 unazunguka kila siku. Ule wa Kentucky umezunguka mara moja tangu mtoto azaliwe hadi aanze shule. Faida ndogo inayorudi kila jioni inaweza kuizidi ile kubwa inayosubiriwa, na benki chache hulieleza hili kwa mkopaji.

Wapo wanaosema dawa ni kuupika ulanzi uwe pombe kali inayokaa. Bila leseni hiyo ni gongo, na tangu 1966 ina sheria yake. Kuuchemsha kidogo na kuufunga kwenye chupa ni njia iliyo wazi zaidi, ila vibali vya TBS na mashine ya kufungia vinataka mtaji wa ngazi nyingine. Ufungashaji nao una hatari zake: pombe kali za viroba zilipigwa marufuku nchini kuanzia Machi 1, 2017, na walioweka fedha zao kwenye mashine na akiba ya viroba hawakupewa muda wa kutosha kupumua.

Kwa mwenye hisa za TBL, iliyoingia Soko la Hisa Dar es Salaam mwaka 1998 na ambayo Konyagi inatengenezwa na kampuni yake tanzu, jambo la kutazama kwenye hesabu za mwaka ni thamani ya bidhaa ghalani ikilinganishwa na mauzo. Konyagi haikomazwi kwenye mapipa kwa miaka. Ghala la kampuni ya namna hiyo likijaa, hiyo si bourbon inayokomaa.

Kentucky imepata njia nyingine ya kupata fedha wakati mapipa yamelala: tangu 1999 viwanda vyake vina njia moja ya watalii, na wageni hulipa kiingilio, huonja, hununua chupa na fulana. Iringa ina wageni wanaopita kwenda Hifadhi ya Ruaha, na safari ya nusu siku ya kuona mgema kazini ingeuzika. Tatizo ni kalenda. Wengi wa wageni hao huja kiangazi, Juni hadi Oktoba, wakati mbeta zimeshashushwa.