SOMO: USHURU WA MAZAO NA UBIA WA HALMASHAURI NA WAFANYABIASHARA

Katika toleo hili tutazame jinsi halmashauri ya wilaya na wafanyabiashara wanavyoweza kushirikiana kukuza uchumi wa mahali pao. Mfano tunauchukua Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wilaya ya mpunga na kakao ambayo kata ya Ndandalo ni sehemu yake. Msomaji anayelima karafuu Pemba ataona humu mambo mengi anayoyafahamu.

Kwanza ieleweke fedha zinatoka wapi. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972 zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, na Sheria Na. 9 ya mwaka huo inahusu mapato yao, ushuru wa mazao ukiwamo. Kiwango kilikuwa kikifikia asilimia 5 hadi mwaka 2017, kilipopunguzwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mlipaji ni mnunuzi. Tuseme tani moja ya kakao imeuzwa kwa shilingi milioni 5: halmashauri hupata shilingi 150,000. Mwenye kulipa fedha hizo ana haki ya kuuliza ni barabara ipi ya shambani iliyotengenezwa kwazo, hasa katika bonde ambalo mvua za masika hulijaza maji.

Sasa tuangalie mahali ubia huu unapovunjika, nako ni kwenye kakao mbichi. Punje zikishatolewa katika ganda hazina budi kuvundikwa siku 5 hadi 7, ndani ya masanduku au majani ya migomba, ndipo zianikwe juani hadi zikauke. Kuvundika ndiko kunakoanzisha ladha ambayo viwanda huilipia. Lakini mzazi anayedaiwa ada ya shule, au mwenye mgonjwa nyumbani, hana siku za kungoja. Humjia mchuuzi mwenye fedha mkononi, akazichukua punje zikiwa bado na utelezi wake kwa bei aitakayo. Mkulima hupoteza sehemu kubwa ya thamani, halmashauri hukosa ushuru, na sifa ya kakao ya wilaya nzima hushuka kwa kuchanganywa na iliyovundikwa vibaya. Mfanyabiashara mwaminifu, aliyelipa kila kinachodaiwa, hujikuta akishindana na asiyelipa chochote.

Dawa iliyochaguliwa ni mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa msingi na Sheria Na. 10 ya mwaka 2005. Mkulima hupeleka kakao kavu katika chama chake cha msingi, ikapimwa na kuhifadhiwa. Wanunuzi hushindana mnadani, na ushuru hukatwa hapo hapo bila kizuizi cha barabarani. Utaratibu huo ni mzuri, ila una pengo: fedha haziji siku ya kupima. Kwa maoni yetu, halmashauri inayopiga marufuku kakao mbichi bila kuziba pengo hilo itamfundisha mchuuzi kutembea usiku tu. Stakabadhi yaweza kuwekwa rehani ili mwenye mali apate mkopo mdogo wa kungojea mnada. Hapo benki, chama cha ushirika na halmashauri wana kazi ya kufanya pamoja, nayo ni ya haraka kuliko hotuba za uhamasishaji.

Mpunga una kisa kifupi zaidi. Mchele wa Kyela hupendwa kwa harufu yake, na kwa sababu hiyo mchele wa kwingine huuzwa kwa jina lake. Wenye mashine za kukoboa wakikubaliana na halmashauri juu ya vifungashio vyenye alama, na juu ya kuikataa lumbesa, jina hilo litawafaa wenyeji.

Pahali pa kuzungumzia haya pamekwisha kuwekwa. Baraza la Taifa la Biashara liliundwa mwaka 2001, na katika wilaya lipo Baraza la Biashara ambalo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Mfanyabiashara mwenye hoja juu ya ushuru, maghala au barabara na aiwasilishe kwa maandishi ili iingizwe katika ajenda, na nakala ampe diwani wake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Hoja itakayofika baada ya bajeti kupitishwa itangoja mwaka mzima.