SOMO LETU: Masomo ya Bure ya Intaneti kwa Mwalimu wa Kiingereza na Mwandishi wa Kikundi



Katika vikundi vingi kuna mtu mmoja ambaye ndiye huandika. Yeye huandika kumbukumbu za mkutano, barua za kwenda kwa chifu na habari za kuletwa katika gazeti letu. Tena karibu na kila kikundi kuna mwalimu wa Kiingereza mwenye darasa kubwa na vitabu vichache. Kuwasaidia watu hawa wawili ni kazi ya maendeleo, sawa na kuchimba kisima. Kwa nini? Kwa sababu mikataba mingi ya mikopo bado huja kwa Kiingereza, na kikundi kisichoelewa hutia sahihi tu. Tena habari ya uongo ikiingia kijijini, pesa za kina mama hupotea kwa siku moja.

Kwenye intaneti kuna masomo mazuri yasiyolipiwa. Lakini bando ni pesa, na si kila kitu kilichoko huko ni cha kweli. Kwa hiyo tumechagua machache. Andika jina lake kwenye simu, utalipata.

1. KWA MWALIMU WA KIINGEREZA

(a) African Storybook. Mradi huu ulizinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Una hadithi fupi za watoto, zenye picha, kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, kama vile Kikamba na Dholuo. Mara nyingi hadithi ileile iko katika lugha mbili au tatu. Basi mtoto aielewe kwanza kwa lugha ya nyumbani, halafu aisome kwa Kiingereza. Mnaruhusiwa kuzichapa, kuzitafsiri, hata kuongeza za kwenu.

(b) TESSA. Haya ni masomo ya walimu yaliyoanza mwaka 2005, kazi ya Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika. Yako kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Humo mwalimu atapata njia za kufundisha darasa kubwa kwa kutumia vitu vilivyo karibu naye.

(c) BBC Learning English. BBC ilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Siku hizi kuna mazungumzo ya dakika sita yanayokuja na maandishi yake. Hata kama shule haina spika, mwalimu anaweza kuwasomea watoto maandishi hayo.

Jambo moja la kukumbuka: VOA ya Marekani ilianza mwaka 1959 kusoma habari polepole, kwa maneno machache, ili wanaojifunza Kiingereza waelewe. Lakini Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya kazi ya VOA. Kinachopatikana bure leo kinaweza kukosekana kesho. Ukipata somo zuri, lipakue mapema.

2. KWA MWANDISHI WA KIKUNDI

(a) Kanuni za maadili za Media Council of Kenya. Baraza hili linafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2013. Kanuni zake zinamfundisha mwandishi kusema ukweli, kusahihisha anapokosea na kuwalinda watoto.

(b) Kitabu cha UNESCO cha mwaka 2018 kuhusu uandishi wa habari na habari za uongo. Ni cha Kiingereza, kwa hiyo mwandishi na mwalimu wakisome pamoja.

(c) Africa Check na PesaCheck. Hawa huchunguza maneno yanayosambazwa na kueleza kama ni kweli au la. PesaCheck huandika kwa Kiswahili pia.

Hebu tuseme ujumbe umefika kwenye WhatsApp: "Mbolea ya bure, tuma shilingi 200 ujiandikishe." Mwandishi wa kikundi asiusambaze. Ajiulize kwanza: Ni nani amesema? Amesema lini? Je, ofisi ya kilimo ina habari hiyo? Mbona kitu cha bure kinalipiwa? Ajibu maswali hayo manne kabla mtu yeyote hajatuma pesa.

3. KIKUNDI KIFANYEJE?

- Chagueni watu wawili: kijana anayejua simu vizuri, na mwalimu au mwandishi.
- Tengeni pesa kidogo ya bando au ya saiba. Anzeni na maandishi, maana video humaliza bando haraka.
- Chapeni nakala moja ya kila somo, muiweke katika faili ya kikundi. Andikeni juu yake imetoka wapi na tarehe gani.
- Tumieni somo moja hadi liishe, ndipo mtafute lingine. Karatasi zikilala kabatini hazimfundishi mtu.
- Mkiombwa namba ya siri ya M-Pesa, tokeni hapo mara moja. Somo la bure halihitaji namba ya siri.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni pamoja Luka 1:1-4. Luka alichunguza mambo yote kwanza, akapata habari kutoka kwa walioyaona, ndipo akaandika kwa utaratibu.

1. Je, sisi tunachunguza kabla ya kusambaza habari?
2. Ni karatasi gani ya Kiingereza ambayo kikundi chetu kilitia sahihi bila kuielewa? Nani anaweza kutusomea wiki hii?
3. Mwalimu wetu anahitaji nini kwanza, nasi tunaweza kumchangia nini?

Mkishajadiliana, andikeni uamuzi wenu katika kitabu cha kumbukumbu, na jina la atakayeutekeleza. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.